Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi: mwanafunzi akishike alichokichora

Profesa,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si letu sisi wawili tu. Linamgusa kila anayesomea usanifu wa mitambo, mzazi anayemlipia ada, na mtu ambaye siku moja atasimama karibu na mashine iliyochorwa na mwanafunzi huyo. Nilisomea uhandisi wa mitambo, na kazi yangu tangu nihitimu ni kuchora. Siku hizi nakagua pia michoro ya vijana waliotoka vyuoni kabla haijateremshwa karakana.

Ombi langu ni moja. Asihitimu mwanafunzi wa usanifu wa mitambo kabla hajachora kipande, akampelekea fundi, akakipokea, akakipima, akakifunga mahali pake, kisha akarudi mezani kukichora upya.

Ngoja nikueleze ninachokiona. Mchoro unaonifikia mara nyingi ni wa shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, inayobebwa na beringi mbili. Hesabu zake ni safi. Kijana amekokotoa mkazo wa kupinda na wa kusokota, amechagua chuma, ameweka kigezo cha usalama, na ukimwomba mlinganyo atakuandikia bila kufungua daftari. Kisha fundi mkereza, anayekata chuma kwa mashine ya kukereza, anauchukua mchoro, anausoma kimya, anaweka kidole mahali shafti inapobadilika unene. "Hapa umetaka kona kali kabisa. Ncha ya kisu changu ina mviringo. Nikuachie mviringo wa kiasi gani?" Kijana ananyamaza. Fundi anasogeza kidole. "Na hapa bega limepanda kuliko ringi ya ndani ya beringi. Siku beringi ikifa, anayeitoa ataishika wapi?"

Maswali hayo mawili hayakuwamo kwenye mtihani wowote aliofanya, ilhali ndiyo usanifu wenyewe.

Nakaa kidogo kwenye ile kona, maana ina mambo mengi. Anaposhindwa kuikata fundi, wengi hudhani ni tatizo la fundi tu. Kumbe kona hiyohiyo ndiyo itakayoivunja shafti. Shafti iliyobebeshwa mzigo na kuzunguka mara 1,500 kwa dakika hupinda upande huu na upande huu mara 1,500 kila dakika, yaani zaidi ya mara milioni 2 kwa siku ikifanya kazi mchana na usiku. Chuma huchoka. Mjerumani August Wöhler alilionyesha hilo katikati ya karne ya 19 alipopima ekseli za magari ya reli: chuma kinachostahimili mzigo ukikiweka mara moja, hukatika kwa mzigo mdogo zaidi ukirudiwa mara nyingi. Ufa huanzia pale mkazo unapojikusanya, na mkazo hupenda kona kali na matundu. Ndege za abiria za de Havilland Comet zilipovunjika angani mwaka 1954, uchunguzi ulikuta ufa wa uchovu umeanzia kwenye matundu yaliyokatwa katika bodi. Wanafunzi wako wanasoma haya yote na kuyajibu vizuri. Lakini somo la uchovu wa chuma wanafundishwa chumba kimoja, na kuchora wanafundishwa chumba kingine, na hakuna mtu anayewaonyesha kwamba ule mviringo mdogo anaouomba fundi ni jibu la swali la tatu la mtihani wao.

Toleransi, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua, nayo ni hivyohivyo. Kwenye programu ya kuchorea, shafti ya milimita 25 inaingia kwenye tundu la milimita 25 bila kelele. Karakana haina 25 ya namna hiyo. Mwanafunzi akiandika H7/g6 kwa kipimo hicho (H7 ni alama ya toleransi ya tundu, g6 ya shafti), anaagiza tundu la kati ya 25.000 na 25.021, na shafti ya kati ya 24.980 na 24.993. Zitaachana kwa nafasi ya kati ya 0.007 na 0.041, ndogo kuliko unene wa unywele wa kawaida, na shafti itateleza vizuri. Akibadili herufi moja tu, akaandika H7/p6, shafti inakuwa kati ya 25.022 na 25.035, na sasa haiingii bila kusukumwa kwa presi. Jedwali la viwango vya ISO hukaririwa na kusahaulika. Mkono uliojaribu kuisukuma shafti ya pili ukashindwa hausahau.

Na kuna kosa la upande wa pili, ambalo naliona zaidi kuliko hilo: kijana anaandika toleransi ya 0.01 kila mahali, hata kwenye tundu la kupitishia bolti tu, kwa kuwa programu ilimletea namba hiyo yenyewe. Fundi anayemheshimu mhandisi ataifuata. Ataacha mashine moja aende nyingine, atapima kila tundu kwa maikromita, kazi ya saa mbili itakula siku nzima, na mashine haitakuwa bora hata kidogo.

Profesa, mchoro ni agizo linalotekelezwa na mtu mwingine. Asipolijua hilo mapema, msanifu huja kulijua kwa gharama kubwa. Tarehe 17 Julai 1981, huko Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya kupita watu yaliyoning'inizwa moja juu ya jingine ndani ya hoteli ya Hyatt Regency yaliporomoka, watu 114 wakafa. Hiyo ni kazi ya majengo, si ya mitambo, lakini kiini chake ni nondo na nati, na hivyo ni vitu vyetu. Mchoro wa awali ulitaka nondo moja ndefu ipite kwenye madaraja yote mawili, na nati ya daraja la juu ikae katikati ya nondo. Ili nati ifike pale, thredi, yaani mikato ya kuzungushia nati, ilibidi ikatwe sehemu ndefu ya nondo. Waliotengeneza waliona ni usumbufu, wakapendekeza nondo mbili: moja ishikilie daraja la juu, nyingine ianzie kwenye daraja la juu na kushikilia la chini. Badiliko likapita. Kwa kufanya hivyo, nati ya daraja la juu ikabeba mizigo ya madaraja yote mawili, mara mbili ya ilivyokusudiwa. Wachunguzi walikuta hata muundo wa awali haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule.

Kila nikiisoma habari hiyo nawaza kwamba msanifu aliyewahi kukata thredi ndefu kwa mkono wake angeiona ile nati ya katikati siku ya kwanza, na angelitatua tatizo yeye mwenyewe mezani badala ya kuliacha litatuliwe na mwingine.

Najua karakana haikusinyaa kwenye mitaala kwa uvivu. Mwaka 1955 ripoti ya chama cha elimu ya uhandisi cha Marekani, chini ya L. E. Grinter, ilipendekeza kuimarisha sayansi za uhandisi na kuondoa masomo yaliyoegemea ufundi wa mikono. Kwa wakati ule ilikuwa na sababu nzuri, na bila hesabu hizo nisingekuwa na kazi hii leo. Lakini ripoti hiyohiyo ilitaka usanifu ubaki. Baadaye chuo cha MIT, ambacho hakuna anayekituhumu kwa kudharau hesabu, kilijulikana kwa somo ambalo Woodie Flowers alilijenga katika miaka ya 1970: kila mwanafunzi anapewa fungu la vifaa, anasanifu mashine yake, anaitengeneza, kisha inashindanishwa na za wenzake mbele ya watu. Somo hilo lipo hadi leo.

Utaniambia wanafunzi ni wengi, mashine ni chache, na usalama ni jambo la kuogopewa. Yote ni kweli. Ndiyo maana siombi kila mwanafunzi awe mkereza, wala siombi mashine mpya. Kipande kidogo kinatosha, kwa mfano shafti fupi na nyumba ya beringi zake. Wanafunzi wanne wachore, kila mmoja kipande chake, na vipande vinne vifungwe pamoja. Hapo ndipo watakapogundua kwamba bolti ipo lakini spana haina pa kuzungukia. Printa ya 3D, inayojenga umbo kwa plastiki, isaidie kuona umbo la awali tu, kwa sababu inachapisha hata uwazi wa ndani ambao hakuna kisu kinachoweza kuufikia, na mwanafunzi anaondoka akiamini kila kinachochoreka kinatengenezeka.

Alama nyingi ziende kwenye mchoro wa pili, si wa kwanza, pamoja na maelezo ya kilichobadilika na sababu yake. Kipande kisichofungika kisimfelishe mtu, mradi ameeleza kwa nini hakikufungika. Na fundi wa karakana awe mmoja wa watoa alama. Hili najua litapata upinzani kwenye kikao chenu, kwa sababu huenda hana shahada. Lakini ndiye msomaji wa kwanza wa kila mchoro ambao wanafunzi wako watauchora maisha yao yote.

Hata wakaguzi wa ithibati hawatakupinga. Mkataba wa Washington wa 1989, unaotambua shahada za uhandisi baina ya nchi wanachama, unamtaka mhitimu awe na uwezo wa kusanifu. Faili lenye mchoro wa kwanza, karatasi ya vipimo vilivyopatikana na mchoro wa pili ni ushahidi wa uwezo huo ambao karatasi ya mtihani haiwezi kuutoa.

Naomba muanze na darasa moja la mwaka wa pili, muhula ujao, kabla ratiba haijafungwa. Nitakuja kukagua michoro ya awamu zote mbili bila malipo, na nitamleta fundi mkereza ninayefanya naye kazi, ambaye amekwisha kukubali. Tunachosubiri ni barua yako ya kutupangia siku.

Wako katika taaluma,
Mhandisi msanifu wa mitambo, mhitimu wa kitivo chako