Malalamiko: kioo cha mbele cha kuagiza kilichotoka na mkunjo pungufu

Karakana ya Magari,
Tegeta, Dar es Salaam.
30 Juni 2025

Meneja,
Kitengo cha Vioo vya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KIOO CHA MBELE CHA GARI LA MICHEZO KILICHOPASUKA SIKU YA TATU BAADA YA KUFUNGWA

Tunaandika kuhusu kioo cha mbele mlichokitengeneza kwa ajili ya gari la viti viwili tunalolijenga wenyewe, lenye fremu ya mabomba ya chuma na bodi ya faiba. Fundi wenu alikifunga tarehe 4 Juni. Asubuhi ya tarehe 7 kikakutwa kimepasuka, gari likiwa karakanani, halijasogezwa hata hatua moja. Majibu yenu ya tarehe 12 yanasema fremu yetu imepinda. Fremu haijapinda. Kosa liko kwenye mkunjo wa kioo, na ndilo lililozaa mengine yote.

Tunajua kwamba anayejenga gari nyumbani hujirahisishia kazi akianza na kioo cha gari lililopo sokoni, kisha akajenga bodi kukizunguka. Umbo la gari hili halikuruhusu hivyo, ndiyo maana tukaja kwenu na kiolezo cha faiba kilichonakiliwa moja kwa moja juu ya fremu, chenye mbavu za kukizuia kisilegee. Vipimo viliandikwa juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika: upana wa mstari mnyoofu kutoka kona hadi kona milimita 1,240, urefu wa kwenda juu 560, kina cha mkunjo katikati 92, ukingo wa juu na wa chini sawasawa. Oda ilisema lamineti: tabaka mbili za milimita 2.1, utando wa plastiki ya PVB wa 0.76 kati yake, kingo zilizosagwa mviringo, na ukanda mweusi wa seramiki wa milimita 30 uliochomwa pamoja na kioo. Tulilipa shilingi 2,850,000, na 350,000 za ufungaji.

Kioo kilipoletwa tarehe 2 Juni tulikilaza kikavu juu ya fremu, bila gundi. Ukingo wa chini ulikaa vizuri. Ukingo wa juu uligusa chuma katikati, na kona zote mbili za juu zikabaki hewani milimita 14. Kina cha mkunjo huko juu kilikuwa 78 badala ya 92. Papo hapo tukarudisha kiolezo juu ya fremu ileile: upenyo mkubwa kuliko wote ulikuwa milimita 2, kwenye kona ya kushoto, na huo tunaukubali kuwa wetu. Kisha kioo kikalazwa juu ya kiolezo, pengo la 14 likajitokeza tena. Fremu inaingiaje hapo, wakati haikuwepo chini ya kioo? Vipimo hivi viko kwenye hati ya kupokelea mzigo, na fundi wenu ametia sahihi.

Yeye alisema gundi itajaza pengo. Tulimwachia kwa sababu ni fundi wa kiwanda. Alipaka gundi ya poliyurethani kwa kimo cha kawaida, kama milimita 14, ambayo kioo kikishakaa inatakiwa kubonyea hadi karibu 5. Kwenye kona gundi hiyo haikufika popote. Ndipo akafunga mikanda miwili juu ya kioo na kuikaza mpaka kona zikashuka, akaiacha usiku kucha.

Kioo cha lamineti kinaweza kuvumilia mgandamizo mkubwa, lakini hakivumilii kuvutwa. Kukivuta kona zirudi nyuma huku katikati kimeegemea chuma ni kukikunja kwa nguvu kikiwa baridi: uso wa nje unavutika, na mvutano mkubwa kuliko wote unakuwa pale kilipoegemea, yaani katikati ya ukingo wa juu. Ufa umeanzia hapohapo, milimita 60 kulia kwa katikati. Mwanzo wake ni kimeguko kidogo kama punje ya mchele kwenye ukingo ambao oda ilitaka usagwe mviringo, nao umekatwa tu na kupitishwa msasa upande mmoja. Ukipitisha kidole upande wa ndani unakwaruza. Jua la asubuhi lilipopasha katikati ya kioo, huku kingo zikiwa kivulini mwa fremu, mvutano wa kingo ukaongezeka. Ufa haukuhitaji zaidi ya hapo.

Tumekitoa tarehe 25 Juni kwa waya wa kukatia gundi, na tukapima unene kwa vania kalipa, kifaa cha kupimia unene mdogo. Katikati ni milimita 4.96, kama inavyotakiwa. Kona ya juu kulia ni 5.6. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu PVB hainenepi yenyewe. Vioo viwili vya lamineti hukunjwa vikiwa vimepandana, kwenye kalibu moja, ndani ya tanuri la zaidi ya nyuzi 600, mpaka vilegee na kushuka pamoja kwa uzito wake. Vikikunjwa mbalimbali, au upande mmoja wa tanuri ukiwa na joto pungufu, havilingani, na shinikizo la hatua ya mwisho linavilazimisha vishikane. PVB inajazana panapobaki nafasi na mapovu yanafuata. Mapovu yapo: tumehesabu kumi na moja kwenye kona hiyo, ndani ya eneo la ukubwa wa kiganja. Dereva naye akitazama fremu ya mlango wa karakana kupitia upande wake wa kioo, anaiona ikitembea kama maji.

Ukanda mweusi si seramiki. Ni rangi ya kupuliza. Tuliupitishia ukucha ukabanduka kama ganda la kitunguu, na gundi ikabanduka nao. Ukanda ule hauwekwi kwa ajili ya urembo. Unaikinga poliyurethani na mionzi ya jua, na gundi hushika juu yake. Kwa jua la Dar es Salaam, kioo kilichoshikiliwa na rangi ya kopo kingeng'oka chenyewe baada ya muda.

Maji yalipoanza kupenya, fundi wenu alirudi tarehe 5 Juni akaziba kona kwa silikoni yenye harufu ya siki. Siki hiyo ni asidi. Ndani ya wiki tatu PVB imeanza kuwa nyeupe kutoka ukingoni, milimita 9 kuingia ndani, na chuma cha fremu kimeota kutu chini ya praima, yaani rangi ya msingi. Ubaya zaidi, poliyurethani haishiki juu ya mabaki ya silikoni. Sasa ukingo wote wa fremu lazima ukwanguliwe, upigwe msasa hadi chuma cheupe, upakwe praima ya epoksi upya.

Hiki ni kioo cha gari lililo chini sana barabarani. Nyuma ya lori la kokoto kati ya Kibaha na Chalinze, uso wa dereva uko usawa wa matairi yake. Tuliagiza lamineti ili jiwe likigonga kioo kibaki mahali pake, kisimwagike punjepunje kama kioo cha tempa, kile kilichokomazwa kwa joto. Kioo kilichoanza kubanduka tabaka na kushikwa na rangi hakitoi kinga hiyo.

Kwa hiyo tunadai kioo kipya kutoka kiolezo kilekile, bila malipo. Baada ya kukunjwa na kabla ya kuwekewa PVB, kilazwe juu ya kiolezo mbele yetu, na upenyo usizidi milimita 2 mahali popote. Kikizidi, kirudi tanurini, kwani baada ya kulaminetiwa hakuna marekebisho. Kingo zisagwe mviringo pande zote, na ukanda uwe wa seramiki iliyochomwa. Wakati wa kufunga viwekwe vipande vinane vya mpira vya milimita 5 ili kioo kisiguse chuma, poliyurethani peke yake, bila silikoni na bila mikanda ya kuvuta. Mkanda wa karatasi wa kukishikilia kisiteleze unatosha.

Tunadai pia kurudishiwa shilingi 350,000 za ufungaji, na gharama ya kusafisha fremu, shilingi 180,000, ambayo ankara yake imeambatishwa pamoja na picha na nakala ya hati ya kupokelea.

Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana nayo. Ndivyo inavyosema Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, tutapeleka shauri hili Tume ya Ushindani. Kioo kilichopasuka tumekihifadhi kikiwa kimesimama wima kwenye fremu ya mbao, na fundi wenu anaweza kuja kukipima tena siku yoyote ya kazi, kuanzia saa mbili asubuhi. Tunaomba aje na vania yake mwenyewe.

Wenu,
Wajenzi wa gari,
Karakana ya Tegeta