Malalamiko kuhusu taa za bustani zilizoingia maji

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi,

KUH: TAA ZA BUSTANI ZA VOLTI 12

Wakazi wa mtaa wetu hapa South C, Nairobi, walichanga pesa, tukanunua kwenu taa za bustani pamoja na waya na transfoma ya wati 60. Muuzaji wenu alitushawishi tuachane na zile za bei nafuu za Luthuli Avenue, kwa kuwa zenu, alisema, ni shaba tupu na zimeandikwa IP67, alama ya kuzuia maji. Masika hayajaisha na nyingi zimezimika.

Fundi wetu wa stima alifungua moja nikiwa nimesimama hapo. Nyuma ya kioo mlikuwa na maji ya kutosha mbu kuzaana. Raba ya kuzuia maji ilikatwa fupi, ncha zake hazikutani. Alipoikwaruza taa kwa kisu, rangi ya shaba ilibanduka ikaacha alumini nyeupe, na kandokando ya skrubu za chuma ilikuwa imegeuka ungaunga. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja huliwa, na hapa iliyoliwa ni alumini. Shaba halisi ingebadilika rangi tu.

IP67 maana yake taa istahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Zetu hazikuzamishwa popote. Zimechomekwa kwenye udongo mweusi, ambao ni kweli hushika maji, lakini wateja wenu wengi jijini wanaishi juu ya udongo huohuo.

Jibu lenu kwa malalamiko yetu ya kwanza linasema waranti haihusu “uharibifu uliosababishwa na maji”. Hizi ni taa za nje. Mlitarajia ziharibiwe na nini?

Halafu waya, ambao ni mwembamba mno. Kwa volti 240 ungevumilika. Kwa volti 12, wati 60 huvuta ampea 5, na mzigo huo ukiwa mwisho wa mita 20 za waya wa milimita mraba 1.5, zaidi ya volti 2 hupotelea njiani. Ndiyo maana taa za mbali ambazo bado zinawaka zinafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta. Urefu tulimpa muuzaji kabla hajatukatia.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulipwa fidia kwa hasara. Tunataka taa za shaba halisi na waya wa milimita mraba 2.5, au mturudishie pesa pamoja na gharama ya fundi. Transfoma haina neno, tutabaki nayo.

Tunasubiri jibu la maandishi kwa siku 14, kisha tutapeleka madai mahakamani chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Risiti, picha na ile taa iliyokwaruzwa tumezihifadhi. Na tafadhali msitutumie mtu wa kuja kupaka silikoni.

Wako mwaminifu,
Mwenyekiti, Kamati ya Wakazi