Nimenywewa Bia, Mtani

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mtani wangu,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza, na mwanao ameanza kutembea: juzi kaitumbukiza rimoti kwenye ndoo ya maji. Ile sauti yako ya dakika tisa nimeisikiliza yote. Nami nikianza kukujibu kwa sauti, hapa hapalaliki, kwa hiyo naandika.

Jana nimenywewa bia, mapipa mawili, nikiwa nimekaa natazama. Aliyeninywea ni mwalimu wa hesabu, swala tano, pombe hajui hata harufu yake.

Kuna jamaa yangu Sinza ana gemu la mezani aliloletewa na shemeji yake kutoka nje, linaitwa Brass: Birmingham. Usifikirie drafti wala keram. Likitandikwa linajaza meza ya chakula nzima, na siku ya kwanza maelezo tu yalikula saa nzima na sinia la pilau. Limetoka 2018, kazi ya Gavan Brown, Matt Tolman na Martin Wallace. Huyu Wallace alikuwa na lake la awali la 2007 lililohusu Lancashire. Hili ramani yake ni ya katikati ya Uingereza, mwaka 1770 hadi 1870. Unachimba makaa ya mawe, unayeyusha chuma, unajenga viwanda. Nusu ya kwanza mizigo inapita kwenye mifereji. Ikiisha, mifereji yote inaondolewa ubaoni, na viwanda vya ngazi ya kwanza navyo vinaondoka, halafu mnaanza kutandika reli. Mara ya kwanza niliumia, mtani. Jasho la saa nzima na ushee likafagiliwa kwa kiganja kama makombo.

Lakini nilichotaka kukwambia hasa ni habari ya mkopo. Mnaanza na pauni 17 kila mtu, na hizo haziendi mbali. Ukiishiwa unakopa: unachukua pauni 30 kwa mkupuo, kipato chako kinashuka ngazi tatu. Basi. Deni hulirudishi, ila kila raundi unapokea pungufu, na kipato kikiwa chini ya sifuri unatoa mfukoni. Sasa wewe unanijua mimi na mikopo. Ile kausha damu ya mwaka juzi, walivyokuja kubeba friji majirani wote wamejipanga barazani, mpaka ukanitumia laki mbili usiku ule ule. Kwa hiyo mara tatu za mwanzo sikukopa hata kidogo. Nilivikalia vipauni vyangu kama kuku na mayai, nikajenga kamgodi kamoja, kakiwanda kamoja, nikashika mkia mara zote tatu. Yule jamaa wa Sinza ananicheka, eti naogopa deni la makaratasi. Nami nilicheka, lakini mkono ulikuwa unakataa kweli kuirudisha ile alama ya kipato nyuma.

Jana nikakopa. Mara mbili, tena mapema kabisa. Nilishaona ujanja wake: kila ngazi ya kipato ina hatua zake ubaoni, za chini ni hatua moja au mbili, za juu ni hatua tatu, hata nne. Ukikopa ungali chini, unapanda tena upesi. Anayekopa akiwa juu ndiye anayelia. (Laiti kausha damu nao wangekuwa na ngazi!) Nikafungua mgodi, wenzangu wakaja kuchukua makaa yangu bure kwa sababu njia zao zimeufikia, nami nashangilia, maana makaa yakiisha, kigae (kile kipande cha ubaoni kinachosimama badala ya mgodi) kinageuzwa na kipato changu kinapanda. Kwa mara ya kwanza nikaona naongoza.

Sasa ile bia. Bidhaa nyingi haziuziki bila bia. Mfanyabiashara hanunui mpaka anywe. Mwalimu yeye anaiita togwa. Nilikuwa na kiwanda cha vyombo vya udongo Stoke-on-Trent, ngazi ya tano, pointi 20, kukiuza kunataka mapipa mawili. Ninayo, yako Burton-on-Trent, vipipa viwili vya mbao vimekaa juu ya kigae cha kiwanda changu cha bia. Raundi ya mwisho. Ila mwalimu ananitangulia, kwa kuwa raundi ya nyuma yake alitumia fedha kidogo kuliko mimi. Zamu zinapangwa hivyo. Akatazama dari. Akatazama karata zake. Akalipa pauni 15, akatandika reli mbili kwa pamoja, moja kutoka Tamworth hadi Burton. Reli mbili kwa mpigo zinadai pipa moja. Akanyoosha vidole viwili, taratibu, akakiokota kipipa changu. "Togwa tamu hii." Kitendo cha pili, reli mbili nyingine, kipipa cha pili. Bia nyingine ya kushika sikuwa nayo. Vyombo vyangu vikabaki Stoke havijauzwa, pointi sifuri, nikawa wa pili, tisa nyuma yake.

Kuna kitu wewe ungekigombea. Viwanda vya nguo vimejaa ubaoni, lakini pamba haimo! Unalipa fedha na makaa, kiwanda kinasimama, pamba sijui inashuka na mvua. Nikawauliza inatoka wapi, wakaniambia cheza zamu yako. Na ya wakati ule nyingi ilitoka kusini mwa Marekani, imechumwa na watumwa. Wewe uliyechuma pamba na mama kule Magu mpaka vidole vikapasuka usingenyamaza. Reli yenyewe ilipofika kwenu Mwanza mwaka 1928, si ndiyo hiyo hiyo ikabeba pamba kuileta bandarini?

Njoo Desemba. Fika Dodoma kwa basi, hapo panda SGR. Kuna dada mmoja tunacheza naye, anasafiri, tutakuwa watatu na gemu linataka wanne ndipo linoge. Wewe mweka hazina wa kikoba, mwalimu atakukoma. Dagaa usisahau, wale wa kukaanga.

Na ile elfu sabini iliyobaki kwenye laki mbili zako, naituma mwisho wa mwezi. Usinishushe ngazi tatu.

Mtani wako,
Mzaramo wa Temeke