Roboti 1,024 bila nyapara

Rehema rafiki yangu,

Salamu kutoka Morogoro. Mama mguu umepoa, anakusalimu sana. Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu ulivyouliza: roboti zikiwa nyingi, nani huziamuru?

Hakuna, Rehema. Mwaka 2014 Michael Rubenstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitandaza mezani roboti 1,024, zikajipanga zenyewe kuwa nyota. Zinaitwa Kilobot. Kila moja ina upana wa milimita 33, imesimama kwa vijiguu vitatu, na husogea kwa kutetemeka tu, kama simu iliyozimwa sauti ikiita juu ya meza. Haina macho. Hurusha chini mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho yetu, ukadunda mezani ukaifikia ya jirani, nayo kwa ukali wa ule mwanga hukadiria mwenzake yuko umbali gani. Haijui kama wako elfu. Inawajua walio kando yake, basi.

Nne huwekwa ziwe alama ya kuanzia. Zilizobaki zina programu ile ile na picha ya umbo linalotakiwa. Za pembezoni hung'oka na kuambaa ukingo wa kundi, zikipima mahali zilipo kutoka kwa zilizokwisha tulia, hadi kila moja ipate pa kukaa. Kazi nzima ilichukua kama saa 12.

Kilichonigusa ni kwamba katika elfu hazikosi goigoi na zinazopotea njia, na programu iliandikwa kwa kulijua hilo. Roboti huangaliana. Moja ikikwama, nyota haivunjiki.

Unazikumbuka zile zetu tatu za karakana ya chuo? Tulizifunga zote kwenye kompyuta moja. Siku ya maonyesho kompyuta ikazima, zote zikaganda, nawe ukatoka nje kulia. Tuliamini kosa ni waya. Sasa naona tulikosea pale tulipotaka kichwa kimoja kifikirie kwa niaba ya zote.

Nyuma ya nyumba kuna kichuguu, siku hizi nakikalia jioni. Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé alieleza kwamba mchwa huongozwa na kazi yenyewe: donge aliloweka mwenzake ndilo linalomvuta aweke lake hapo.

Nimeng'oa mota za kutetemesha kwenye simu mbovu, ninazo kumi. Njoo Desemba tuanze na roboti tano. Ile chuma ya kulehemu uliyoichukua, uje nayo.

Wako,
Neema