Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakodishaji wa Mashamba

Ndugu wanachama,

Mahesabu mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nizungumzie mikataba, maana ndiyo iliyokula vikao vyetu karibu vyote mwaka huu.

Mingi tuliyoisoma ni ya muda mfupi, na kifungu kinachoumiza kimejificha chini kabisa: chochote mpangaji atakachoongeza shambani ni mali ya mwenye shamba, bila fidia. Mwenzetu mmoja alichimba mifereji ya kutoa maji bondeni, akamwaga samadi misimu miwili mfululizo. Udongo ulipoanza kuitikia, akapandishiwa kodi, eti shamba sasa lina rutuba. Rutuba ya nani?

Wapo wanaosema tungoje sheria. Sikubaliani nao. Tazameni England. Sheria ya 1875 ilimpa mpangaji fidia ya maboresho, ila ikaruhusu mkataba kuiweka kando, na wenye ardhi wengi wakafanya hivyo hivyo. Fidia ilikuja kuwa ya lazima mwaka 1883, wakati nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani imeshaporomosha bei na wapangaji wazuri wameadimika. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ilitaka chakula, hivyo sheria ya 1948 ikamlinda mpangaji maisha yake yote. Ya 1976 ikaongeza urithi wa upangaji ndani ya familia yake, hadi mara mbili. Wenye ardhi nao wakaacha kukodisha. Mwaka 1984 urithi ukaondolewa kwenye mikataba mipya, na tangu 1995 muda wa mkataba ni mapatano tu.

Taiwan walikwenda njia nyingine: mwaka 1949 kodi iliwekewa kikomo cha asilimia 37.5 ya mavuno ya zao kuu. Serikali ile ilitoka China bara, haikuwa na deni la kisiasa kwa wenye ardhi wa kisiwani, na iliogopa wakulima wasije wakaasi. Huruma sijaiona hapo; kote huko sheria ilifuata nani ana nguvu wakati ule.

Kwa hiyo, badala ya kungoja, kamati inaleta rasimu ya mkataba wa mfano tuipigie kura leo. Ina mambo matatu: hali ya shamba iandikwe na kupigwa picha siku ya kukabidhiwa, maboresho yaliyokubaliwa yalipwe mpangaji akiondoka, na notisi isiishe kabla ya mavuno. Tusichelewe: bei za mazao zikipanda, wanaotafuta mashamba huwa foleni na hatutakuwa na sauti ya kudai haya. Mwenye mkataba unaokaribia kwisha auwasilishe kwa katibu kabla hajaweka sahihi mpya.