Fremu irudishwe ilivyopokelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza wapangaji wa fremu, yaani vyumba vya biashara, hapa Tanga: siku ya kukabidhi funguo. Kuingia ni rahisi, ukiwa na kodi ya miezi sita au ya mwaka mkononi. Ugomvi uko kwenye kutoka.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Fremu niliyoihama niliipokea sakafu imechimbika, juu mabati matupu, ukuta unamwaga lipu. Nikaweka vigae, nikapiga dari ya jipsamu, nikavuta nyaya za mashine. Mwenye nyumba aliona yote na akafurahi. Nilipompa notisi kama mkataba unavyotaka, alikuja na fundi wake wakaniandikia madai: nipake rangi upya, ninunue shata mpya ya mlango kwa sababu ile ina kutu, nilipie dari yenye madoa, na vigae nisiviguse. Amana yangu, pesa ya dhamana niliyompa nilipoingia, akaishikilia.

Shata ya chuma inayopigwa na upepo wa chumvi mwaka baada ya mwaka italika tu, awe amepanga nani. Na hayo madoa ya dari yametoka wapi? Bati lilitoboka, mvua za masika zikaingia, nikampigia simu hadi nikachoka, huku nafunika vitambaa vya wateja kwa nailoni. Paa ni lake, limevuja kwa kutotengenezwa, halafu bili inaletwa kwangu!

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikulinyamazia hili. Kifungu cha 89 kinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, lakini hakimbebeshi uchakavu wa kawaida, wala hasara ya moto au mafuriko ambayo hayakuletwa na uzembe wake. Kifungu cha 88 kinasema ikipangishwa sehemu tu ya jengo, matunzo ya paa na kuta kuu ni ya mwenye jengo. Fremu ni nini kama si sehemu ya jengo?

Wapo wapangaji wanaong'oa soketi na kuacha deni la maji. Hao walipe, siwatetei.

Tatizo ni kwamba siku ya kuanza hakuna anayeandika chochote kuhusu hali ya chumba, kwa hiyo siku ya mwisho kila mtu anakumbuka lake. Mkataba wangu ulitaja kodi, muda na notisi, basi. Kumbe ingetosha karatasi moja: shata ina kutu, sakafu imechimbika, hakuna dari; picha zipigwe kwa simu, wote wawili watie saini. Hapo hapo iandikwe vigae na dari vitakuwa vya nani, na kama vinabaki, vinafidiwa vipi. Dalali anachukua chake kwa kutuonyesha mlango tu. Kazi hii aifanye yeye.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, lakini fundi anayekula kwa alichoshona leo hawezi kufunga cherehani wiki kwa wiki akifuatilia amana. Wengi tunaiacha, na wenye nyumba wanalijua hilo.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni, ambao mikataba yetu hupita mezani kwao, wasigonge muhuri kabla ya kuiona karatasi hiyo imeambatanishwa.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga