Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mbeya: wapanga bajeti wafundishwe hesabu za chanjo

Ndugu Katibu Tawala,

Salaam, na pole kwa majukumu. Nina ombi moja kabla halmashauri hazijafunga mipango yao ya afya: waganga wakuu wa wilaya, waratibu wa chanjo, maafisa mipango na waweka hazina waitwe darasa moja, wafundishwe uchumi wa chanjo. Muda wote nilipokuwa mratibu wa chanjo, mafunzo ya aina hiyo niliyasikia yakiitiwa watu wa wizarani. Sisi tunaovutana na maafisa mipango juu ya bajeti tulipewa semina za joto la friji na ujazaji wa takwimu.

Chukua chanjo ya surua na rubella. Kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa na maji yake hutumika ndani ya saa 6, kinachobaki kinatupwa. Muuguzi amepanda na huduma ya mkoba, yaani chanjo inayopelekwa vijijini mbali na kituo, hadi kijiji cha juu huko Busokelo, mvua imenyesha, wamekuja watoto 3. Anakishika kichupa, anatazama njiani kama kuna mama mwingine anakuja, kisha anakirudisha kwenye kikasha. "Mje kliniki ijayo." Shirika la Afya Duniani linaelekeza kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini muuguzi huyu alishawahi kuhojiwa kwa nini anapoteza dawa; watoto aliowarudisha nyumbani hajawahi kuulizwa.

Kwenye karatasi, kukifungua kwa watoto 3 kunaifanya bei ya dozi kwa kila mtoto izidi mara tatu. Mweka hazina anaiona hiyo tu. Mafuta ya pikipiki yaliyokwisha kutumika, posho iliyolipwa, siku ya palizi aliyoipoteza mama, vyote havimo. Wala haumo mlipuko wa surua, ugonjwa unaotaka watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa ndipo utulie. Vipo pia vichupa vya dozi 5: kwa dozi moja ni ghali zaidi, na vinakula nafasi ya friji, ila upotevu unapungua. Busokelo vingefaa? Na Jiji la Mbeya, ambako kliniki hujaa? Atakayejibu ni yule aliyefundishwa kukokotoa gharama ya kila mtoto aliyefikiwa.

Katika halmashauri moja niliyofanya kazi, fedha za mkoba zilihamishiwa kwingine kwa hoja kwamba chanjo ni za bure, zinaletwa na wafadhili. Pale mezani hakuna aliyekuwa na namba za kuipinga. Iliniuma, na bado inaniuma. Hoja yenyewe inazidi kupitwa na wakati: Tanzania iliingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini mwaka 2020, na kwa kanuni za Gavi, ubia wa kimataifa unaozisaidia nchi maskini kununua chanjo, nchi ikipanda hivyo, sehemu ya gharama za chanjo inayoilipa yenyewe hupanda mwaka hadi mwaka.

Kuna chanjo ya malaria pia. Malawi, ng'ambo tu ya Mto Songwe, waliianza mwaka 2019. Ni dozi 4 kwa mtoto, na malaria ya Kyela hailingani na ya kwetu huku kwenye baridi. Tukiulizwa ianzie wapi na kwa gharama ipi, majibu yatoke kwenye takwimu za mkoa wetu.

Walimu hatuhitaji kuwafuata mbali. Chuo Kikuu Mzumbe kina kampasi hapa Mbeya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha sayansi za afya hapahapa, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo cha utafiti. Kila halmashauri ije na daftari zake za mkoba, kumbukumbu za vichupa vilivyotupwa na risiti za mafuta, wafanyie hesabu humo humo darasani, na jedwali watakalolipata lipelekwe kwa madiwani pamoja na rasimu ya bajeti ya mwaka unaoanza Julai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mratibu wa chanjo mstaafu,
Uyole, Mbeya